Kibali cha baba kutoka gerezani kilisubiri mwanaume, na mwanaume mwenyewe alikuwa anasubiri baba afe

Wakuu, wakubwa wenzangu shikamoo, na ninyi wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni bibi, nimeshavuka sabini, nipo Bukoba. Simu alininunulia mjukuu ili nipokee picha za harusi, sasa anajuta maana nashinda humu jamvini kuliko yeye.

Juzi kwenye ule uzi wa parole na wafungwa wagonjwa, kijana mmoja aliandika hivi: "Mfungwa akiugua afie huko huko, wakati anavunja sheria hakujua kuna kuumwa?" Akapigiwa makofi na watu kibao.

Nilikasirika mpaka miwani ikaingia ukungu. Nilianza kumwandikia matusi ya Kihaya, nikafuta, maana mods wa humu hawana utani. Nikasema bora nieleze kilichotupata sisi, halafu huyo kijana arudie maneno yake.

Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu watoto wa wahusika wapo na wengine wanasoma humu.

Ilikuwa miaka ya sabini, vijiji vya ujamaa vimepamba moto, vita na Uganda bado. Kwetu ni Nshamba, Muleba. Baba nitamwita Ta Leopoldi, mama Ma Ansila. Kwa wasiotujua, "Ta" na "Ma" ndiyo heshima tunayomtangulizia mtu mzima.

Walikuwa na mabinti watatu, hakuna mvulana. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa kama na miaka ishirini, nafundisha kisomo cha watu wazima.

Baba alifungwa kwa magendo ya kahawa. Wakati ule kahawa yote ilitakiwa ipelekwe chama cha ushirika, na malipo yanakuja kwa kusuasua. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, walikuwa wanalipa papo hapo. Baba na wenzake wakapakia magunia kwenye mtumbwi, wakadakwa kabla hawajaondoka ufukweni.

Alikuwa na kosa, sibishi. Alipewa miaka mitano, gereza la Bukoba mjini, na yeye mwenyewe hakukata rufaa. Alimwambia mama, "Nimekula nilichopika."

Kwa hiyo kijana wangu, hii si habari ya mtu aliyeonewa kufungwa. Tuelewane hapo kwanza.

Sasa niwaeleze kitu cha kwetu, bila hicho hamtaelewa kwa nini nina hasira mpaka leo.

Kwetu kibanja si shamba tu. Ni nyumba, migomba, mibuni na makaburi ya wazee, vyote mahali pamoja. Na miaka ile kibanja cha ukoo kilikuwa kinarithiwa na mwanaume. Asiye na mtoto wa kiume akifa kimya, kibanja kinakwenda kwa ndugu yake. Mjane na mabinti wanakaa kwa hisani, na hisani ya shemeji mnaijua.

Ila katika ukoo wetu palikuwa na upenyo mmoja. Mwenye kibanja aliweza kuwaita wakubwa wa ukoo nyumbani kwake. Wanakaa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, wanatafuna kahawa, halafu yeye anatamka kwa mdomo wake nani akae pale baada yake. Akishatamka hivyo, imeshika, hata akimtaja mwanamke.

Sharti ni kwamba atamke akiwa ndani ya nyumba yake na akiwa huru. Neno la aliye kifungoni halikuhesabiwa. Walisema mtu aliyefungwa huwezi kujua nani kamtia maneno mdomoni.

Baba hakuwahi kufanya hivyo. Alikuwa na nguvu zake, nani anaanza kugawa kibanja akiwa bado anabeba mikungu miwili kwa mpigo? Akiwa ndani ndipo ikamwingia akilini. Kila mama alipokwenda kumwona alimwambia, "Nikitoka, siku ya kwanza naita ukoo. Kibanja ni chako na watoto."

Halafu akaanza kuugua.

Tumbo lilijaa maji, miguu ikavimba, macho yakawa manjano. Daktari aliyekuwa anawatibu wafungwa alikuwa kijana tu, mtu wa mbali, si Mhaya. Alituita mimi na mama pembeni akasema ini limekwisha, na kwamba ameshaandika mapendekezo mgonjwa akafie kwao.

Akaongeza, "Mama, msichelewe. Ugonjwa huu mwishoni unapanda kichwani. Atakuwa hai lakini hatawajua, na pengine hataongea."

Mama aliposikia neno hataongea alikaa chini pale pale kwenye majani. Hakulia kwa sababu ya kifo, kifo alishakiona kinakuja. Alijua baba asipotamka, sisi hatuna pa kukaa.

Wakuu, kibali kilikuja. Nataka mlisome hili mara mbili. Wakubwa huko juu walikubali baba aachiwe kwa sababu ya ugonjwa. Tuliitwa tukaambiwa kimefika, kipo mezani kwa bwana jela. Mama alipiga magoti akamshukuru.

Bwana jela akasema, "Sawa. Mwanaume wa kumpokea yuko wapi?"

Mama akamwita kwa neno letu la heshima, "Nipo mimi, waitu. Mimi ni mke wake wa ndoa ya kanisani."

"Sikatai, mama. Lakini anapokelewa na ndugu wa kiume wa baba mmoja, mwenye makazi, na mwenyekiti wa kijiji athibitishe. Akitoroka nitamkamata nani?"

Atoroke! Mtu anayenyanyuliwa na wenzake wawili kwenda chooni!

Mama akamwambia, "Utanikamata mimi."

Bwana jela akacheka. Si kwa ubaya, alicheka kama unavyomcheka mtoto aliyesema atanunua ndege. Akasema, "Lete mwanaume, mama."

Mpaka leo sijui kama hilo sharti liliandikwa mahali au lilitoka kichwani mwake. Sikuwahi kuoneshwa, na miaka ile mwanamke wa kijijini hakuwa anaomba kuoneshwa.

Mwanaume wa baba mmoja alikuwa mmoja tu duniani, mdogo wake baba. Tumwite Ta Fidelis.

Mmeshaanza kuelewa, eh?

Yaani ufunguo wa kumtoa baba walimkabidhi mtu yule yule ambaye baba akifa bila kutamka, yeye ndiye anayerithi. Hata ungekaa chini upange kutukomoa usingepanga vizuri hivyo.

Mwanzoni Ta Fidelis alipokea vizuri. "Huyo ni kaka yangu, nitakwenda." Ila akasema kwanza tupate neno la mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti yupo Kimwani, amekwenda kwenye shughuli za shamba la ujamaa.

Alidhani tutakata tamaa. Mama akafunga kanga kiunoni, tukaenda Kimwani, sehemu kubwa kwa miguu.

Mwenyekiti tulimkuta shambani, jembe mkononi, matope mpaka magotini. Nilishajiandaa kwa hotuba kuhusu wahujumu wa kahawa. Wala. Alisoma, akaweka sahihi juu ya goti, akasema, "Mgonjwa ni mgonjwa. Mrudisheni nyumbani." Nitamwombea mtu yule mpaka nife.

Tukarudi kwa Ta Fidelis na sahihi. Sasa akawa na msimu wa kuchuma kahawa. Ukapita, akawa na kidonda mguuni. Kidonda kikapona, akawa ameota ndoto mbaya juu ya safari ya Bukoba.

Na muda wote huo, asubuhi tunaamka tunamkuta ndani ya kibanja chetu anapunguza machipukizi ya migomba. Hajaombwa na mtu. Tukimuuliza anasema anamsaidia kaka yake. Mguu wenye kidonda haukumzuia kuzunguka migomba ya watu!

Mama alikuwa anampikia, mnajua? Anamwekea ebitoke, ndizi zetu za kupika, mezani, anapiga magoti, anamsalimu, anamuuliza tena. Mimi nilikuwa natamani sahani ile iwe na sumu. Nimesema nitasema ukweli.

Sasa hapa kuna mtu wa tatu.

Hamugembe, pale Bukoba mjini, alikuwepo mzee mmoja, tumwite Ta Yakobo. Ni Mlutheri, sisi Wakatoliki. Tukienda kumwona baba tulikuwa tunalala kwake. Yeye na baba walikuwa wamekula omukago tangu ujana wao.

Kwa wasiojua: wanaume wawili wanajichanja kidogo tumboni, punje ya kahawa inapasuliwa, kila mmoja anakula nusu iliyopakwa damu ya mwenzake. Makanisa yote mawili yalikuwa yanakataza, na wazee waliendelea kimya kimya. Aliyekula nawe hawezi kukufungia mlango, wala hawezi kukuacha ukipatwa na shida. Kwetu huyo alikuwa anamzidi ndugu wa tumbo moja.

Ta Yakobo aliposikia Fidelis anazunguka, alivaa koti lake la ibada akasema, "Twendeni, nitampokea mimi."

Mama njia nzima alikuwa ananong'ona rozari. Tulifika, bwana jela akamwangalia, akaona mzee msafi, mwenye nyumba mjini. Nadhani alishachoka na sisi na alitaka kumaliza hilo jambo. Akauliza, "Wewe ni ndugu yake?"

"Ndiyo."

"Wa baba mmoja?"

Wakuu, ilibaki neno moja tu. Ndiyo. Hakuna ambaye angeulizia zaidi. Kalamu ilikuwa mkononi mwa bwana jela, mimi naiona.

Ta Yakobo akasema, "Hapana. Tulikula kahawa."

Bwana jela, mtu wa mkoa mwingine, akatutazama mmoja mmoja. "Mlikula kahawa?" Ta Yakobo akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza habari ya kujichanja ndivyo askari waliokuwa mlangoni walivyozidi kucheka. Kalamu ikarudi mezani.

Nje nilimfokea. Msichana kumfokea mzee, Uhayani, hadharani! Nilimwambia, "Baba anakufa humo ndani, na wewe umeshindwa kusema uongo wa neno moja?"

Hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, wa baba mmoja hukumchagua, unamkuta tu. Leopoldi nilimchagua. Nikisema ni wa baba mmoja nimekana kile tulichokula. Nikikikana, mkono wangu utamwua kabla ugonjwa haujamwua."

Aliamini hivyo kabisa. Kwa wazee wale kukana omukago kuliua. Kosa la namna ile wangelifanya wazee wetu tu, mtu mwingine angedanganya akaenda zake. Nilimchukia siku nyingi. Sasa hasira yangu yote naiweka kwenye lile swali, maana nani alihitaji baba mmoja ili mgonjwa apewe kitanda?

Jumapili iliyofuata Ta Yakobo alikuja Nshamba. Mlutheri kasimama nje ya kanisa Katoliki, anasubiri misa iishe. Watu walipotoka alimfuata Ta Fidelis katikati ya uwanja, akatoa kahawa yake ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba, akamnyooshea.

Watu wakasogea. Kwetu kahawa ukipewa unapokea, na ukiikataa kutoka kwa mtu aliyekula omukago na kaka yako, umetangaza uadui na wote wawili.

"Tafuna," Ta Yakobo akasema. "Halafu uwaambie hawa, kaka yako unamtaka nyumbani au humtaki. Gharama ni zangu, kumbeba nitambeba. Wewe njoo useme jina la baba yenu tu."

Ta Fidelis alitazama kushoto na kulia. Mama alikuwa amepiga magoti pale kwenye vumbi na gauni lake la Jumapili. Akachukua punje, akatafuna.

Kesho yake tukaenda Bukoba.

Mnajua bwana jela alifanya nini? Alimpa Ta Fidelis mkono. "Karibu mzee, ulikuwa wapi siku zote? Kibali chako hiki." Kibali chako! Mama aliyekwenda pale mpaka askari wanamjua kwa jina hakupewa hata kiti.

Baba alitolewa amebebwa. Alikuwa tumbo na macho tu. Mama akamshika mkono, akamsalimu kwa heshima zote kama alivyomsalimu kila siku ya ndoa yao. Kasinge waitu.

Baba akamwangalia, akamwita kwa jina la bibi yetu, mama yake aliyekufa mimi sijazaliwa.

Ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani. Daktari yule kijana alikuwa amesimama kwenye ngazi, hakutusogelea. Nadhani aliona aibu ambayo haikuwa yake.

Tulipanda lori mpaka Muleba, kutoka hapo wanaume wakambeba kwa machela ya miti. Ta Yakobo, mzee mtu mzima, alikataa kupokelewa bega lake mpaka tukafika. Njiani baba hakusema kitu tena.

Nyumbani mama alitandika nyasi mpya. Asubuhi wakubwa wa ukoo wakaja, wakakaa. Kikapu cha kahawa kikazunguka. Baba tulimwegemeza ukutani, na nawaapia, alijua yuko wapi. Alikuwa anapapasa zile nyasi kwa vidole.

Mkubwa wa ukoo akamuuliza, "Leopoldi, ukoo wako umekaa. Nani abaki hapa?"

Baba akafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Akajaribu tena, shingo ikamkakamaa, ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake. Mdogo wangu wa mwisho akaanza kulia, akatolewa nje.

Kisha baba akaingiza mkono kwenye kikapu. Ilimchukua muda. Akatoa punje moja, akaupapasa mkono wa mama, akaiweka kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja mpaka vikafunga.

Waliona wote. Hakuna aliyekuwa amegeuka.

Ta Fidelis akasema, "Hajatamka."

Mama akasema, "Mmemwona! Waitu, mmemwona!"

Mkubwa wa ukoo aliuangalia mkono wa mama uliofungwa. Halafu akasema, "Tumemwona, Ma Ansila. Lakini hatujamsikia."

Baba alifariki wiki hiyo hiyo. Tulimzika pale kibanjani, pembeni ya baba yake. Matanga yakaisha, Ta Fidelis akaja na wanawe kuangalia mipaka.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini hatukwenda mahakamani. Mama alikwenda, mjukuu wangu. Mashahidi walikuwa wale wale waliokaa kwenye nyasi, wakaulizwa swali lile lile, je, alitamka? Wakajibu kwa uaminifu mkubwa kabisa.

Ta Yakobo alitukatia upande wa kibanja chake Hamugembe bila kuombwa. Mama aliishi hapo mpaka mwisho wake, na kaburi lake lipo hapo, kwenye ardhi ya Mlutheri, mbali na mumewe. Aliyekataliwa pale gerezani kwamba si ndugu ndiye aliyetupokea sote.

Sasa wewe kijana wa "afie huko huko."

Baba alifungwa kwa magunia ya kahawa. Hakimu hakusema mke wake afukuzwe kwenye nyumba. Hakusema mabinti wake wakose kwao. Hiyo adhabu ya pili ilitoka kwa kibali kilichokaa mezani kikimsubiri mtu asiyetaka kuja.

Nasikia sasa wanaongelea kubadilisha taratibu za parole na za kuwaachia wagonjwa. Vizuri. Lakini msishangilie kwa sababu tu neno limeandikwa vizuri kwenye sheria. Kibali cha baba nacho kilikuwa kizuri. Ulizeni daktari akishasema, nani mwingine ana nafasi ya kumchelewesha mgonjwa, na huyo anafaidika na nini. Mfungwa aulizwe yeye mwenyewe, akiwa bado ana akili na mdomo, nani aje kumchukua, awe mke, binti, au mzee waliyekula naye kahawa. Na mtu atolewe akiwa bado anaweza kusema na watu wake. Mkimtoa amebaki pumzi mmehamisha maiti tu, msijipongeze kwa huruma.

Mkono umechoka na simu imeanza kulia chaji.

Mwenye hoja aseme, mwenye kubisha abishe, nimezeeka siogopi povu. Wenye wagonjwa wao ndani hivi sasa ndio ningependa sana kuwasoma, mniambie leo mnaulizwa nini pale mezani.

Mimi mwezi ujao nakwenda Nshamba kung'oa magugu kwenye kaburi la baba. Wanaokaa pale sasa ni wajukuu wa Ta Fidelis, watoto wazuri tu, hawana neno na mimi. Nikifika nasimama nje ya ua, napiga hodi, nasubiri waseme karibu.